MAISHA YA JIM THORPE, MKIMBIAJI WA CARLISLE



Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo, wakati wa kupanga ekipe za interna, sisi wakubwa wa darasa la sita tulisimama kando ya kiwanja na kuchagua wachezaji. Tulichagua kwa macho tu. Mwenye mabega mapana tulimwita, mwenye mwili mdogo tulimtuma kulinda nguo za wenzake. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alituomba akimbie mara moja tumwone. Tulicheka, hatukumpa nafasi. Kiisha ikafika siku ya mbio za madarasa, na yeye yule akatuacha nyuma sisi wote, wenye mabega na wasio na mabega. Tangu ile siku tunajiuliza: kati ya ukubwa wa mwili na wepesi wa miguu, kipi kinamfanya mchezaji?

Juu ya hiyo tumeona vizuri kuwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, lakini jina lake linajulikana fasi zote wanapopenda michezo. Ni Jim Thorpe wa Marekani. Naye alikuwa mwanafunzi wa interna sawa sisi, naye alifika shuleni na mwili mdogo.

KUZALIWA KWAKE

Jim Thorpe alizaliwa mwaka 1887 katika inchi ambayo leo inaitwa Oklahoma. Alikuwa mtu wa kabila la Sac na Fox, mmoja wa wenyeji wa kwanza wa Marekani, wale ambao Wazungu waliwaita Wahindi kwa kosa la Columbus, aliyezani amefika Uhindi. Baba yake, Hiram, na mama yake, Charlotte, wote wawili walikuwa na damu ya wenyeji iliyochanganyika na ya Wazungu. Jina lake la kikwao lilikuwa Wa-Tho-Huk, maana yake ni Njia Yenye Nuru.

Hakuzaliwa peke yake. Alikuwa na pacha wake, Charlie. Watoto hawa walikimbia pamoja porini, waliwinda pamoja, waliogelea pamoja. Lakini walipokuwa na umri wa miaka karibu tisa, Charlie alishikwa na ugonjwa wa mapafu akafa. Jim akabakia sawa mtu aliyekatwa mkono. Hakupenda tena shule. Walimpeleka Haskell, shule ya wenyeji katika jimbo la Kansas, akatoroka na kurudi nyumbani. Huko Haskell ndiko alikoona mara ya kwanza mpira wa Kimarekani. Baadaye kidogo mama yake akafa, na mwaka 1904 baba yake naye akafa. Mwaka ule ule wa 1904 Jim alikuwa amepelekwa mbali sana na kwao, katika shule ya Carlisle, jimbo la Pennsylvania.

SHULE YA CARLISLE

Inafaa tujue ilikuwa shule ya namna gani. Ilifunguliwa mwaka 1879 na askari mkubwa, Richard Henry Pratt, katika kambi ya zamani ya jeshi. Serkali ilitaka watoto wa wenyeji waache ukabila wao wote. Mtoto akifika, alikatwa nywele, alivuliwa nguo za kwao, alivalishwa nguo za kiaskari, na alikatazwa kusema luga ya mama yake. Nusu ya siku alijifunza kusoma, nusu ya siku kazi ya mikono. Wengine walitumwa kwenye mashamba ya Wazungu kufanya kazi. Magonjwa yalikuwa mengi, na karibu na shule palikuwa na kaburi zaidi ya 180 za watoto ambao hawakurudi kwao. Tangu mwaka 2017 jeshi la Marekani lilianza kuyarudisha mabaki ya wengine kwa kabila zao.

Jim alipofika pale alikuwa na kilo karibu 52 tu, na urefu wake haukuzidi sana metri 1,65. Walimweka katika kazi ya kushona nguo. Kila kazi ilikuwa na ekipe yake ya mpira, na Jim alichezea ekipe ya washonaji. Ekipe kubwa ya shule haikumtazama.

MCHEZO WENYEWE

Wengi wetu hatujaona mpira wa Kimarekani, basi tueleze kidogo. Kila upande una watu 11. Mpira si wa mviringo bali una umbo sawa yai, na watu wanaubeba mikononi. Mwenye mpira anakimbia kuelekea mwisho wa kiwanja cha adui, na adui wanamkamata na kumwangusha chini. Upande wenye mpira unapewa nafasi chache za kusogea mbele. Ukishindwa, unaupoteza mpira.

Katika miaka ya zamani, mchezo huu ulikuwa wa mwili mzito tu. Wachezaji walikusanyika sawa kundi la ngombe, wakashikana, wakasukuma kwa nguvu pamoja. Mwepesi alikanyagwa. Vijana waliumia, na wengine walikufa. Mwaka 1905 peke yake waliokufa walikuwa karibu 20, na prezidenti Theodore Roosevelt aliwaita wakubwa wa vyuo ili watengeneze mambo. Basi mwaka 1906 sheria zilibadilika. Ekipe ilipaswa kusogea yadi 10 (ndiyo metri 9 na kitu) mahali pa yadi 5 za zamani. Na zaidi ya yote, ruhusa ilitolewa kuutupa mpira mbele kwa mkono. Kiwanja kikafunguka. Kusukumana hakukutosha tena, na mwenye mbio akapata fasi ya kukimbia.

Carlisle ilielewa jambo hili mbele ya wengi. Haikuwa chuo kikuu, ilikuwa shule ya vijana tu, lakini ilicheza na vyuo vikubwa vya inchi, vyenye watu wazito na mali nyingi. Mwalimu wao wa michezo, Glenn Warner, aliona kwamba vijana wake hawataweza kusukumana na watu wale. Akawafundisha kukimbia kwa kasi, kugeuka upesi, kuutupa mpira mbali, na kumdanganya adui macho. Mwaka 1907 waliipiga Pennsylvania 26 kwa 6, wakishinda mbele ya watu wengi sana.

GINSI ALIVYOONEKANA

Mwaka ule wa 1907 Jim alikuwa anapita karibu na kiwanja, akiwa na nguo za kazi. Aliona wanafunzi wakijaribu kuruka juu ya mti uliowekwa metri 1,75, na wote walishindwa. Aliomba ajaribu. Walimcheka sawa sisi tulivyomcheka yule kijana. Akaruka na nguo zake za kazi, akapita, akaenda zake. Habari zikafika kwa Warner, na kesho yake Jim akaitwa.

Wakati ule mwili wake ulikuwa umeanza kukua. Lakini hata hivyo Warner hakutaka acheze mpira wa Kimarekani. Aliogopa kwamba watu wazito watamvunja, naye atapoteza mkimbiaji wake. Jim akaomba tena na tena. Mwishowe Warner alimpa mpira katika mazoezi, akamwambia apite katikati ya wachezaji wote wa ekipe wanaomngojea. Alifikiri wataangusha kijana huyu, naye atachoka na kuacha. Kumbe Jim alipita katikati yao wote mpaka mwisho. Warner akamwambia arudie, akapita mara ya pili. Tangu hapo hakuna aliyemtuma tena kando ya kiwanja.

HESABU YA FIZIKE

Wanafunzi wa hesabu watuvumilie, sisi tumependa kupima jambo hili kwa masomo yetu. Mwalimu wa fizike alitufundisha kwamba nguvu ya kitu kinachokwenda haitoki katika uzito peke yake, bali ni uzito mara mwendo. Jim alipofikia utu uzima alikuwa na kilo karibu 84 na urefu wa metri 1,85. Mwaka 1912 alikimbia metri 100 kwa segonde 11,2. Mwendo wake basi ulikuwa karibu metri 8,9 kwa segonde, na 84 mara 8,9 ni karibu 750. Sasa chukua mtu mzito wa kilo 100 anayekimbia metri 100 kwa segonde 14. Mwendo wake ni metri 7,1, na hesabu inatoa karibu 710. Kumbe mwepesi alimgonga mzito kwa nguvu zaidi! Tena mzito akitaka kumshika, anafika wakati mwingine amekwisha kupita.

Lakini tusikosee kwa upande mwingine. Mwenye kilo 52 angekimbia sawa Jim, hesabu yake ingekuwa karibu 460 tu, na angeanguka. Uzito una faida yake, kama umetoka katika misuli ya miguu na mgongo, si katika tumbo. Hata leo katika shule za Marekani wanawapima vijana kwa mbio fupi za yadi 40, karibu metri 37, pamoja na kuwapima uzito. Wanaosimama mstari wa mbele ni wazito, wengi wanapita kilo 100, nao kwa kawaida hukimbia polepole. Wanaobeba mpira na kuupokea mbali ni wepesi zaidi. Kila mwili una fasi yake kiwanjani. Ajabu ya Jim ilikuwa hii: alikua mpaka kuwa na mwili wa kutosha, na alipokua hakupoteza mbio zake.

USHINDI MKUBWA

Mwaka 1911 Carlisle walikwenda kucheza na Harvard. Jim alikuwa ameumia mguu, ukafungwa kitambaa. Hata hivyo alipiga mpira mara nne kati ya miti ya goli, akabeba mpira mara moja mpaka mwisho, na Carlisle wakashinda 18 kwa 15.

Mwaka 1912 alikwenda Stockholm, Uswidi, kwenye Michezo ya Olimpiki. Katika mashindano ya michezo mitano alishinda minne, na mmoja, kutupa mkuki, alikuwa wa tatu. Kiisha, katika mashindano ya michezo kumi yaliyofanyika siku tatu, alipata pointi 8.412. Wa pili, Hugo Wieslander wa Uswidi, alibakia nyuma yake kwa pointi karibu 700. Pale viatu vyake vilipotea, akatafuta vingine hivi hivi; picha yake iko mpaka leo, amevaa viatu viwili visivyofanana. Mfalme Gustav V mwenyewe alimpa zawadi na kumshika mkono. Mwenzake wa Carlisle, Lewis Tewanima wa kabila la Hopi, mtu mfupi na mwembamba, alipata medali ya feza katika mbio za metri 10.000. Shule moja ya interna ilirudi nyumbani na medali hizi zote.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, Carlisle walicheza na shule ya maofisa wa jeshi huko West Point. Fikirini, ndugu. Miaka 22 tu ilikuwa imepita tangu askari wa Marekani walipowaua watu wa Lakota, wanaume, wanawake na watoto, pale Wounded Knee. Sasa vijana wa wenyeji walisimama mbele ya wale watakaokuwa maofisa wa jeshi lile, nao walikuwa wazito kushinda wao. Kapiteni wao, Leland Devore, alikuwa jitu la kweli. Alikasirika mpaka akampiga mchezaji wa Carlisle, wakamtoa kiwanjani. Kati ya waliojaribu kumwangusha Jim alikuwemo kijana Dwight Eisenhower, ambaye baadaye aliongoza majeshi makubwa ya vita na kuwa prezidenti wa Marekani. Hawakuweza. Carlisle walishinda 27 kwa 6, kwa mbio na kwa akili.

ALIVYONYANGANYWA

Furaha haikukaa. Mwanzoni mwa mwaka 1913 gazeti moja lilitangaza kwamba Jim, katika mwaka 1909 na 1910, alicheza beziboli kwa feza huko North Carolina. Beziboli ni mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo. Sheria za Olimpiki za wakati ule zilikataza mtu aliyelipwa kwa mchezo wowote. Feza yenyewe ilikuwa dolari chache tu kwa juma. Tena wanafunzi wengi wa vyuo walifanya vile vile wakati wa likizo, lakini walijificha kwa majina ya uongo. Jim alitumia jina lake mwenyewe. Aliandika barua akakubali yote, akaomba asamehewe kwa sababu hakujua vizuri mambo hayo.

Hawakumsamehe. Medali zilichukuliwa, jina lake likafutwa. Sheria yenyewe ilisema mashitaka yaletwe ndani ya siku 30 baada ya michezo, na miezi karibu sita ilikuwa imepita, lakini hakuna mkubwa aliyesimama kumtetea. Warner alisema hakujua kitu, na wengi walioandika maisha ya Jim hawamwamini. Hapa sisi tunaona uchungu kupita wote. Mwenye kusema kweli aliazibiwa, na waliojificha walikaa salama.

MAISHA YA BAADAYE

Jim alioa Iva Miller, aliyesoma naye Carlisle, na mtoto wao wa kwanza alikufa angali mdogo. Alicheza beziboli ya kulipwa New York, na katika safari ya kuzunguka dunia ya mwaka 1913 na 1914 ekipe yake ilifika hata Misri, katika Afrika yetu. Tangu mwaka 1915 alichezea mpira ekipe ya Canton, Ohio, akilipwa dolari 250 kwa kila mchezo. Mwaka 1920, wakati ekipe za kulipwa zilipounda chama chao, alichaguliwa kuwa prezidenti wa kwanza. Chama hicho ndicho kinaitwa leo NFL. Aliendelea kucheza mpaka mwaka 1928, akiwa na miaka 41. Shule ya Carlisle ilikuwa imefungwa tangu mwaka 1918. Na sheria iliyowapa wenyeji wote uraia wa Marekani ilitoka mwaka 1924, miaka 12 baada ya Jim kuiletea inchi hiyo zahabu.

Mbio zilipoisha, umaskini ulikuja. Alichimba mitaro, alicheza sehemu ndogo katika filme, alibadilisha kazi mara nyingi, na pombe ilimsumbua. Michezo ya Olimpiki ilipofanyika Los Angeles mwaka 1932 hakuwa na feza ya kuingia. Makamu wa prezidenti, Charles Curtis, ambaye naye alikuwa na damu ya wenyeji, alimketisha karibu naye, na watu wakamshangilia. Mwaka 1950 waandishi wa michezo wa Associated Press walimchagua kuwa mwanamichezo mkubwa kuliko wote wa nusu ya kwanza ya karne.

Alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 28 Machi 1953, katika Kalifornia. Ni miezi miwili tu tangu Eisenhower aanze kazi ya uprezidenti. Hata maiti yake haikupata raha. Mke wake wa tatu aliipeleka Pennsylvania, kwenye miji miwili midogo iliyoungana na kuchukua jina la Jim Thorpe. Wana wake waliomba kortini arudishwe Oklahoma kwa watu wake, lakini mwaka 2015 korti kuu ya inchi ilikataa kusikiliza maneno yao.

Mwaka 1982 wakubwa wa Olimpiki walikubali kurudisha jina lake, na mwaka 1983 watoto wake walipewa medali. Lakini waliandika kwamba alishinda pamoja na waliomfuata. Tarehe 15 Julai 2022, miaka 110 kamili tangu alipomaliza michezo ile kumi, waliandika kwamba yeye peke yake ndiye mshindi. Jamaa ya Wieslander walikuwa wamesema wazi kwamba mzee wao hakujiona kamwe kuwa mshindi wa kweli.

MWISHO

Na sisi tuseme nini basi? Jim mwenye kilo 52 hakuonekana na mtu. Alisaidiwa na mambo matatu: alipewa muda wa kukua, sheria ya mchezo ilifungua kiwanja, na alipoomba kujaribu, mwishowe alikubaliwa. Lingekosekana moja la haya, angebakia mshonaji wa nguo, na sisi tusingejua jina lake.

Tunawaomba wakubwa wenzetu watakaochagua ekipe baada yetu: musichague kwa macho. Mupime hatua 40 kiwanjani, kila mtu akimbie, mkubwa na mdogo, muandike segonde zao, kiisha muchague. Na wewe mdogo unayelinda nguo za wengine, usikasirike, usiache kula wala kukimbia. Mwili unakuja na wakati wake. Yule kijana wa mwaka wa kwanza sisi tumekwisha kumwomba radhi. Yeye sasa anakimbia wa mwisho katika mbio za kupokezana kijiti, fasi ambayo zamani ilikuwa yetu.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita,
kwa niaba ya wafinalisti wote